Sanduku Lina Kufuli Tatu, Jina Lina Ngapi?

Mazungumzo ya Kamati ya Elimu, yaliyosomwa kwenye sherehe ya kikundi chetu kutimiza miaka kumi, Kariakoo, Dar es Salaam



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii. Miaka kumi si mchezo. Vipo vikundi tulivyoanza navyo hapa Kariakoo, Gerezani na Ilala ambavyo leo vimebaki majina tu. Sisi tupo, na sanduku letu lipo.

Ndugu Mgeni Rasmi, Mweka Hazina atasoma hesabu baadaye, hivyo hatutaingilia kazi yake. Sisi Kamati ya Elimu tumeombwa kuzungumzia jambo moja ambalo lilitoboa hesabu zetu mwaka mmoja, na karibu livunje kikundi. Jambo hilo ni wizi wa jina. Maana yake ni mtu kuchukua jina lako, kitambulisho chako, alama ya kidole chako au namba yako ya simu, akajifanya yeye ndiye wewe. Tungeweza kusoma maelezo mazuri, mkatupigia makofi, tukaenda kula pilau. Lakini tumekubaliana kueleza lililotukuta wenyewe, pamoja na aibu yake, maana sehemu kubwa ya aibu hiyo ni yetu.

SANDUKU LETU

Tulianza mwaka 2015, wanawake 18, kwenye ua wa nyumba moja Mtaa wa Narung'ombe. Walikuwepo wauza khanga na vitenge wa Mtaa wa Kongo, wauza mboga na matunda wa Soko Kuu, mama lishe, na mwenzetu mmoja mwenye cherehani barazani. Hisa moja ilikuwa Sh. 2,000. Wengi tulitoka kwenye michezo ya upatu, na kila mmoja alikuwa na kisa chake cha upatu uliovunjika kwa sababu mshika fedha alihama mtaa usiku.

Ndiyo maana tulipofundishwa utaratibu wa sanduku tuliupenda siku hiyo hiyo. Utaratibu huu ulianzia mbali, kwa wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, kisha ukaenea nchi nyingi za Afrika. Sanduku la chuma lina kufuli tatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne. Hakuna awezaye kulifungua peke yake. Hufunguliwa mbele ya kikao tu, na fedha huhesabiwa kila mtu akiona. Hatukuweka kufuli kwa kumdhania mtu ubaya. Tuliziweka ili mtu asishawishike, na pia ili mtu asisingiziwe.

Tunaomba mlishike neno hilo la mwisho, kusingiziwa. Tutalirudia.

Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020, wengi wetu tuliogopa kukusanyika. Tukakubaliana kwamba anayeshindwa kuja kikaoni atume marejesho kwa simu kwenda kwa Mweka Hazina. Hofu ilipopungua tulirudi kwenye vikao vyetu vya Jumatano, lakini mtindo wa simu nao ukabaki. Ulikuwa mwepesi. Mtu anauza huku anabonyeza, kazi imekwisha. Hatukukaa hata siku moja tukajiuliza: sanduku lina kufuli tatu, simu ina ngapi?

JUMATANO ILE

Ilikuwa tarehe 19 Aprili 2023, wiki ya mwisho ya mfungo. Wenyeji wa Kariakoo mnaijua wiki hiyo. Hakuna pa kukanyaga, kila mtu anatafuta nguo ya sikukuu ya mwanawe, na sisi wauzaji hatuna hata nafasi ya kunywa maji, kwa aliyekuwa hafungi.

Saa nne asubuhi meseji iliingia kwenye simu za wanachama kutoka namba tusiyoijua. Ilikuwa na picha ya Mweka Hazina wetu, ile ile aliyopiga siku ya harusi ya mwanawe. Ilisema kwamba simu yake imeingia maji, yuko msibani Morogoro, na kikao cha leo hakipo. Marejesho yapelekwe kwa Mama Ndimu kwenye namba yake mpya, hii hapa. Na ikamalizia hivi: "Jina likija lake msiogope."

Mama Ndimu ni mwenzetu tangu siku ya kwanza. Jina hilo tunamwita kwa biashara yake ya ndimu na pilipili. Yupo hapa mbele, na ametupa ruhusa ya kuyasema haya yote.

Basi jamani, watu walijaribu kutuma, na simu ikaleta jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, kama kawaida. Likaja la Mama Ndimu kweli, majina yake yote matatu. Nani angetia shaka? Wenzetu saba walituma siku hiyo. Jumla ilikuwa Sh. 610,000. Na katika hao saba, wanne walikuwa umbali wa mitaa mitatu tu kutoka kwenye kibanda cha Mweka Hazina, ambaye muda huo alikuwa Mtaa wa Kongo anapimia watu vitambaa, simu yake mfukoni, nzima kabisa. Hakuna aliyekwenda kumwuliza. Hakuna aliyepiga namba yake ya zamani.

Ukweli ulijulikana saa kumi jioni, pale Mweka Hazina alipofika kikaoni na daftari lake akakuta watu wachache.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo hatuipendi. Usiku ule tulimwita Mama Ndimu. Alikuja na kanga yake begani akidhani kuna msiba. Tulimwonyesha jina kwenye simu. Akasema hiyo namba si yake. Mmoja wetu akamwambia, "Jina si lako hili?" Akajibu, "Jina langu, namba si yangu." Tukamcheka. Tukamwambia pesa haiwezi kwenda kwenye jina lako bila wewe kujua, mama, sisi si watoto. Aliapa, alilia, akaondoka. Kesho yake alihojiwa kituo cha polisi kutwa nzima, mwanamke wa zaidi ya miaka 60, kwa sababu ya maelezo tuliyoyaandikisha sisi, watu aliokaa nao miaka minane.

KIDOLE KILICHOWEKWA MARA NNE

Aliyemsaidia ni mjukuu wake, msichana wa kidato cha tatu. Alichukua simu ya bibi yake, akapiga *106#, akafuata maelezo, akaingiza namba ya kitambulisho cha NIDA. Zikaja laini nne zilizosajiliwa kwa jina la bibi. Moja ndiyo aliyokuwa akiitumia. Tatu hakuwahi kuziona.

Zilitoka wapi? Tulirudi nyuma pamoja naye, safari hii kwa adabu. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Pamoja na mali yake, Mama Ndimu aliunguliwa na simu ndogo aliyokuwa ameiacha mezani inachajiwa. Siku chache baadaye alikwenda kwa kijana mmoja aliyekuwa anakaa chini ya mwavuli barabarani, anasajili laini, ili arudishiwe namba yake. Kijana alimwamkia vizuri, shikamoo mama. Akamwambia, "Weka dole gumba." Akaweka. "Haijasoma, mama, futa mkono uweke tena." Akaweka. "Mtandao unasumbua leo." Akaweka tena, na tena. Mara nne.

Yeye alidhani vidole vyake vimechakaa kwa ndimu na pilipili. Alijilaumu mwenyewe. Laini moja akapewa. Nyingine tatu zikabaki mikononi mwa mtu mwingine, zikiwa na majina yake matatu, na tunaamini huko ndiko zilikotembea miaka miwili mpaka zikatufikia. Kijana wa mwavuli alikuwa amekwisha kuondoka pale mtaani, na wanachama wengine kadhaa walikuwa wamewahi kusajili kwake. Alitujua. Alijua siku ya kikao chetu. Hatuwezi kuapa kwamba ndiye aliyeandika meseji, kwani hakupatikana. Ila mwandishi wa meseji ile alijua mambo mawili: kwamba laini ina jina la Mama Ndimu, na kwamba sisi tunaliamini jina la Mama Ndimu.

Fedha ile haikurudi. Tuliifidia nusu kutoka mfuko wa jamii na nusu kutoka faida ya mwaka, ili wale saba wasibebe peke yao. Mama Ndimu alikaa miezi mitatu hakukanyaga kikaoni. Tulikwenda kwake Buguruni, kamati nzima, na doti moja ya khanga, kumwomba radhi. Alitupokea, akatupa chai, akasema, "Mimi nimeibiwa mara mbili. Mwizi kachukua jina langu, na nyie mkachukua lililobaki." Hatukuwa na la kujibu.

Ndugu Mgeni Rasmi, hili ndilo tulilotaka kusema leo. Mwizi wa jina hali tu fedha. Anakula imani tuliyonayo sisi kwa sisi, na imani hiyo ndiyo mtaji wa kikundi kabla ya hisa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tulilielewa vibaya neno hilo: tulimtafuta mwizi nguoni mwetu, kumbe alikuwa amevaa nguo yetu.

MILANGO WANAYOPITIA

Zamani laini ilinunuliwa kama njugu. Usajili wa laini ulianza nchini mwaka 2009, na kwa miaka kumi mtu alisajili kwa kadi ya mpiga kura au kitambulisho kingine. Tarehe 1 Mei 2019 ulianza usajili kwa alama za vidole pamoja na namba ya NIDA, na mwisho wake ulisogezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020. Wote mnakumbuka foleni zile. Usajili huo umesaidia, maana laini isiyo na mwenyewe ilikuwa kichaka cha matapeli. Lakini tapeli hakuacha kazi. Aliyekosa laini isiyo na jina akatafuta laini yenye jina la mtu mwingine.

Kwa hiyo mlango wa kwanza ni kidole, na huo tumekwisha kuueleza.

Mlango wa pili ni kivuli cha kitambulisho. Vikundi kama chetu vinatakiwa kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na katika kukamilisha fomu tulizunguka na vivuli vya vitambulisho vya wanachama wote kwenye duka la steshenari. Kilichotoka hafifu tulikiacha pale pale mezani. Vingine tulivituma kwa simu ili vichapwe, vikabaki kwenye kompyuta ya mwenye duka. Na namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa ni mwaka, mwezi na tarehe yako ya kuzaliwa. Anayeiona namba hiyo amekwisha kujua na umri wako. Tena ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimewahi kutaja vikundi hewa katika mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi, mikopo iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi hewa nacho kinahitaji majina ya kujaza fomu. Usipojua vivuli vyako vilipo, huwezi kujua jina lako limekaa kwenye fomu gani.

Mlango wa tatu ni simu ya kupigiwa. Sauti laini inakwambia anapiga kutoka makao makuu ya mtandao wako, laini yako inataka kufungwa, mtajie namba ya siri. Au anakwambia kuna tarakimu sita zimeingia kwenye simu yako, umsomee. Hizo tarakimu sita ndizo ufunguo wa WhatsApp yako. Ukimsomea, dakika hiyo hiyo anakuwa wewe, na anaanza kukopa kwa ndugu zako. Wengine wanapiga wakisema ni walimu, mtoto kaanguka shuleni, inatakiwa hela ya hospitali sasa hivi. Na ile meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" kila mmoja wetu ameipata. Tunaicheka, lakini inamngoja mtu ambaye siku hiyo kweli anadaiwa kodi ya nyumba.

Mlango wa nne ni mikopo ya kwenye simu. Mtu ana shida, anapakua programu, inamwomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yake, anabonyeza ndiyo. Akichelewa kulipa, meseji za kumwaibisha zinakwenda kwa mkwe, kwa mchungaji, kwa bosi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Mwenzetu anayekopa huko anaweka rehani jina lake, na majina yetu pia yaliyomo kwenye simu yake.

Mlango wa tano ni huruma yetu. Wengi tumewasajilia laini wadada wa kazi, shemeji, vijana wa dukani, kwa sababu hawajapata namba ya NIDA. Dada akiondoka, laini inaondoka naye, na jina lako linaondoka nayo. Litakalofanyika huko utaulizwa wewe.

KUFULI TATU ZA JINA

Baada ya yale tulikaa vikao vitatu tukatunga kanuni zetu. Tumeziita kufuli tatu za jina, na tunazitoa hapa ili na vikundi vingine wazichukue.

Kufuli ya kwanza ni ya kidole na kitambulisho. Laini tunasajili kwenye duka la mtandao wenyewe, au kwa wakala mwenye mahali pa kudumu tunayemfahamu. Ukiambiwa kidole hakijasoma, uliza kwanza, tazama mashine, na ikifika mara ya tatu, mwambie asante mwanangu, nitakwenda dukani. Kabla hujaondoka pale, piga *106# uone ni laini ngapi zimeandikwa kwa jina lako. Mwenye laini za mitandao miwili au mitatu apige kwa kila laini. Sisi tunafanya hivyo wote pamoja kikaoni kila baada ya miezi mitatu, na vijana wetu wanawasaidia wasioona vizuri. Mara ya kwanza tulipofanya, wanachama sita walikuta laini wasizozijua. Walikwenda na vitambulisho vyao kwenye maduka ya mitandao wakaziondoa.

Kwenye kivuli cha kitambulisho andika kwa kalamu, juu ya picha, kinakwenda wapi, kwa kazi gani, na tarehe. Kilichoharibika ondoka nacho. Uliyemtumia kwa simu mwambie afute mbele yako. Ukipoteza kitambulisho, chukua taarifa ya upotevu ya polisi mapema, ili siku likitokea jambo uwe na karatasi inayosema kilipotea lini. Na usimsajilie mtu laini, hata akilia.

Kufuli ya pili ni namba ya siri. Tuliambiana ukweli siku hiyo, na zaidi ya nusu yetu tulikuwa tunatumia mwaka wa kuzaliwa, ule ule ulioandikwa mwanzoni mwa kitambulisho. Tukabadilisha wote hapo hapo. Namba ya siri haiambiwi wakala, hata kama miwani umeisahau nyumbani. Haiambiwi mtoto. Haiandikwi nyuma ya simu. Mitandao hapa nchini huwapigia wateja kwa namba 100, na hata hao hawana haja ya kuijua namba yako ya siri. Anayekuuliza ni mwizi, hata akikuamkia shikamoo mara tatu. Kwenye WhatsApp tumewasha uthibitishaji wa hatua mbili, na laini zenyewe tumeziwekea namba ya siri, ili simu ikikwapuliwa pale Msimbazi, laini isifanye kazi kwenye simu nyingine.

Kufuli ya tatu ni kuulizana, na tunaiona ndiyo kubwa kuliko zote. Namba mpya ya kiongozi au ya kupokea fedha haikubaliki kwa meseji. Inatangazwa kikaoni, kwa mdomo wa mwenyewe, na kuandikwa kwenye daftari. Meseji ikija yenye haraka, unapiga namba ya zamani. Isipopokelewa, unakwenda kwa miguu. Asiyeweza kwenda anamtuma mtu. Kila kikao tunakubaliana neno moja la kuulizana mpaka kikao kijacho. Halitumwi kwa simu. Asiyelijua hatumwi fedha, awe na picha gani, awe na jina gani.

Mwanzoni wapo waliona vibaya. Mtu anasema, "Yaani mimi unanihakiki, hatujuani?" Tukajibizana sana. Mwisho tulielewana kwamba kumwuliza mwenzako si kumtukana. Ni kulinda jina lake lisitumiwe bila yeye kujua. Laiti mtu mmoja tu angemwuliza Mama Ndimu siku ile saa nne asubuhi, tusingekuwa na kisa cha kusimulia.

Na kikundi chenyewe tulijirekebisha. Picha za vitambulisho zilizokuwa kwenye simu ya Katibu zimefutwa. Vivuli na daftari la namba za NIDA vimo sandukuni, chini ya kufuli zile zile tatu. Iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais tarehe 3 Aprili 2024. Tuliyoyaelewa sisi ni haya: anayekusanya taarifa za watu anatakiwa aseme ni za kazi gani, na azitunze. Sheria hiyo tusiwanyooshee kidole wenye ofisi peke yao. Hata sisi wenye daftari inatuhusu.

UKISHAIBIWA

Ikitokea, usikae kimya kwa aibu. Kimya ndicho chakula cha mwizi.

Kwanza, piga namba 100 ya mtandao wako mara moja, ueleze muamala ulivyokwenda, uombe uzuiwe. Dakika zina thamani, maana fedha ikishatolewa kwa wakala haina mkia wa kushikwa. Pili, usifute meseji yoyote. Meseji ya kitapeli itume kama ilivyo kwenda namba 15040, iliyowekwa kwa kazi hiyo. Tatu, nenda polisi ukiwa na simu yako na kumbukumbu za muamala. Kujifanya mtu mwingine kwa njia ya mtandao ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni uzembe wako tu. Nne, waambie wenzako siku hiyo hiyo, ili jina lako lisiendelee kufanya kazi ya mwizi.

Na la tano ni la sisi tunaobaki kusikiliza. Jina la mwenzako likitokea kwenye jambo baya, mkalishe chini, mpe maji, mwulize kwanza. Piga naye *106# kabla hujamwita mwizi. Sisi tulianza na kelele, na tuliilipia.

MWISHO

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba Serikali ya Mtaa itusaidie mambo mawili. Kwanza, wanaosajili laini mitaani watambulike kwa majina na mahali wanapokaa, ili kesho mwavuli ukihama tujue umehamia wapi. Pili, elimu hii iwafikie wazee na wasiojua kusoma, kwa mdomo, sokoni, maana mabango hawayasomi.

Kwa mabinti zetu mliopo hapa, nyinyi mnaojua simu kuliko sisi: yule mjukuu wa kidato cha tatu aliokoa jina la bibi yake kwa kubonyeza namba chache. Fanyeni hivyo majumbani. Msichoke tukiuliza mara ya pili na ya tatu.

Mwanzoni mwa mwaka wa kumi tulibadilisha washika funguo, kama katiba yetu inavyotaka. Kura zilipigwa kwa siri. Ufunguo wa pili wa sanduku uko kwa Mama Ndimu.